SOMO LA AFYA: KIDONDA CHA MGUU KINAPONA AU KINATUDANGANYA?



Vijijini mwetu wako watu wanaokaa na kidonda cha mguu miezi mingi. Ukimwuliza mmoja, atakujibu, "Aa, hiki kinakauka tu." Lakini kukauka siyo kupona. Kidonda huweza kufunga juu, kumbe ndani mna usaha. Wengine mwishowe hukatwa mguu. Leo tujifunze kukipima.

1. Tunapima juu

Chukua rula, daftari na kalamu. Rula isiguse kidonda. Pima urefu, pima upana, andika na tarehe. Tuseme leo urefu ni sentimeta 6 na upana ni sentimeta 4.

6 × 4 = 24

Baada ya wiki 4 tunapima tena.

4 × 3 = 12

Kimepungua nusu. Hiyo ni dalili njema. Mgonjwa wa kisukari akitibiwa wiki 4 na kidonda cha mguu kisipungue nusu, matibabu yake yatazamwe upya.

2. Tunapima ndani

Rula haioni ndani. Huko hutazamwa kwa ultrasaundi, mashine ambayo wengi tunaijua kwa sababu ya wajawazito. Mashine hii hutumia sauti. Sikio la mtu husikia sauti inayotetemeka hadi mara 20,000 kwa sekunde. Mashine za kuchunguza ngozi huweza kufika mara milioni 20. Sauti huingia mwilini, ikagonga nyama, ikarudi kama mwangwi. Popo naye huruka gizani kwa njia hiyo hiyo. Mwangwi hugeuzwa kuwa picha.

Penye maji ya uvimbe au usaha, picha huwa nyeusi. Nyama ikizidi kukomaa na kuwa kovu, picha huzidi kung'aa. Kwa hiyo mganga huona kama kidonda kinajijenga kutoka chini. Siyo kila hospitali ina mashine ya namna hii ya ngozi.

3. Je, damu inafika?

Mahindi bila maji hayakui. Kidonda bila damu hakiponi. Kipo kifaa kidogo cha sauti kiitwacho dopla. Kikiwekwa juu ya mshipa, tunasikia damu ikipita: shuu, shuu.

Kipimo hiki ni muhimu sana. Vidonda vingine hutibiwa kwa bandeji ya kubana. Lakini kama mishipa ya kupeleka damu mguuni imeziba, bandeji hiyo huweza kuua nyama. Basi tusijifunge wenyewe. Tuulize kwanza, "Mganga, damu inafika vizuri?"

4. Tufanye nini?

- Kidonda kikipita wiki 2 bila kupona, twende zahanati. Tubebe daftari letu.
- Tuombe kupimwa sukari.
- Mwenye kisukari asingoje hata kidogo. Akiona kidonda mguuni, aende mara moja.
- Kikinuka, kikivimba au kikiwa cheusi, twende siku hiyo hiyo.
- Tusipake kinyesi cha ng'ombe, majivu wala unga wa betri.

MASWALI

1. Kwa nini kukauka siyo kupona?
2. Kidonda kilikuwa sentimeta 5 kwa 4. Baada ya wiki 4 ni 5 kwa 3. Je, kimepungua nusu?
3. Tuulize nini kabla ya kufungwa bandeji ya kubana?

Msomee na jirani mwenye kidonda.