Mahakama Ikiagiza Ndugu Yako Apimwe Akili

Mshtakiwa wa mauaji anapofikishwa kwa mara ya kwanza mbele ya Mahakama Kuu, iwe Nakuru au Naivasha, mara nyingi hasomewi mashtaka siku hiyo. Jaji huagiza apelekwe hospitalini akapimwe akili, kisha kesi inapangiwa tarehe nyingine, pengine baada ya wiki mbili. Nje ya mahakama, jamaa waliopanda matatu ya alfajiri kutoka Molo au Kuresoi wanabaki wakibishana. Mmoja amekasirika: ukoo wetu hauna wazimu. Mwingine ameingiwa na matumaini: akionekana mgonjwa ataachiliwa arudi nyumbani. Wote wawili wamekosea, na kukosea huko kunaweza kuigharimu familia kesi nzima.

Tuanze na aliyekasirika. Agizo hilo si dharau kwa mtu wala kwa ukoo. Katika kesi za mauaji limekuwa desturi ya mahakama zetu hapa Kenya, awe mshtakiwa ni kijana anayesikia sauti zisizokuwapo au mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kuugua hata malaria kali. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai, Sura ya 75, kinaitaka mahakama ichunguze hali ya mshtakiwa pale inapokuwa na sababu ya kuamini kwamba akili yake haimruhusu kujitetea. Majaji wameona ni afadhali kuuliza mapema kuliko kugundua katikati ya kesi kwamba mtu aliyejibu “ni kweli” hakujua anajibu nini. Januari 2024 Mahakama Kuu ya Malindi iliagiza mhubiri Paul Mackenzie na washukiwa wenzake wa vifo vya Shakahola wapimwe kabla ya kujibu mashtaka ya mauaji. Walipofikishwa tena mwezi uliofuata, mmoja wao alikuwa ameonekana hana uwezo wa kushtakiwa kwa wakati huo, na wengine wakasomewa mashtaka.

Sasa kwa huyo mwenye matumaini. Hapa ndipo watu wengi hupotea, na nimeona hata mawakili wakipita haraka. Maswali ya akili mahakamani ni mawili, na kila moja lina tarehe yake. La kwanza linahusu leo: je, mtu huyu anaelewa ameshtakiwa kwa nini, anajua jaji ni nani na kiongozi wa mashtaka ni nani, anaweza kufuata ushahidi na kumweleza wakili wake upande wake? La pili linahusu siku ya tukio: je, alipofanya kitendo hicho ugonjwa wa akili ulikuwa umemnyima uwezo wa kuelewa anachofanya, au wa kujua kwamba hakupaswa kukifanya?

Ripoti inayotoka hospitali ya Nakuru Level Five, ambayo wengi bado huiita PGH, kwa kawaida hujibu swali la kwanza tu. Huwa fupi, na mwisho wake husema mtu huyu anaweza au hawezi kujibu mashtaka. Mshtakiwa aliyekaa rumande wiki kadhaa, akalala, akala na pengine akapewa dawa, anaweza kupimwa akaonekana timamu kabisa. Hilo halisemi chochote kuhusu usiku wa tukio miezi miwili iliyopita. Familia ikisikia “ni timamu” hukata tamaa na kutupa daftari la kliniki kwenye sanduku. Usilitupe. Swali la pili bado halijaulizwa, na ni lako kuliuliza.

Tena sheria inakuachia wewe mzigo huo. Kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu kinachukulia kila mtu kuwa na akili timamu mpaka kinyume chake kithibitishwe. Kifungu cha 12 ndicho kinachotoa kinga, na chimbuko lake ni kesi ya Uingereza ya mwaka 1843, ya Daniel M'Naghten, aliyemuua katibu wa waziri mkuu huku akiamini anaandamwa na chama tawala. Hutakiwi kuthibitisha bila shaka yoyote kama upande wa mashtaka unavyotakiwa. Inatosha kuonyesha kwamba kuna uwezekano zaidi wa ugonjwa kuwapo kuliko kutokuwapo. Lakini kuwa na ugonjwa hakutoshi. Mtu anaweza kuwa amekunywa dawa za akili miaka 10 na bado alijua vyema kwamba anaiba ng'ombe wa jirani.

Ushahidi wa siku ile daktari hana. Mnao ninyi: kadi za kliniki, risiti za dawa, barua ya rufaa kutoka Gilgil au Njoro, nambari ya OB ya siku mlipokwenda kituoni kuripoti kwamba ametishia kuchoma nyumba, jirani aliyemkuta akizungumza na ukuta, mchungaji aliyemwombea usiku kucha. Yote haya ni ushahidi. Kama mlimpeleka kwa mganga mkaona aibu kusema, semeni. Mahakama haitawahukumu kwa hilo, na tarehe ya safari hiyo inaweza kuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwapo kabla ya kesi kuzaliwa. Mpeni wakili mapema, kwa mpangilio wa tarehe, na mbaki na nakala. Upande wa mashtaka utadai ugonjwa umebuniwa baada ya kukamatwa, na hakuna kitu kinachovunja dai hilo kama karatasi yenye muhuri wa hospitali iliyoandikwa kabla ya tukio.

Pombe na bangi ni suala jingine. Kulewa kwa hiari si kinga, asikudanganye mtu wa rumande. Kifungu cha 13 kinaacha nafasi chache: mtu akileweshwa bila ridhaa yake, au ulevi ukifika kiwango cha kumtoa akili, pia mahakama inaweza kuzingatia ulevi inapoamua kama mshtakiwa alikuwa na nia inayotakiwa na kosa lenyewe. Katika nchi ya chang'aa kama hii yetu, kifungu hicho hutajwa kila wiki na hufaulu mara chache.

Nani anampima? Daktari wa akili ni tabibu, anatambua ugonjwa na kuandika dawa, na ndiye kwa kawaida anayetia sahihi ripoti ya mahakama. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Kazi yake ni mazungumzo ya kina na vipimo vya kumbukumbu, uelewa na tabia, pamoja na vile vinavyosaidia kubaini kama mtu anaigiza ugonjwa. Taaluma yake inasimamiwa na Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo muulize kama amesajiliwa kabla ya kumlipa senti. Kesi inapohusu ulemavu wa akili, jeraha la kichwa au mtoto, ripoti ya mwanasaikolojia inaweza kufichua jambo ambalo mahojiano mafupi ya hospitali yenye foleni hayawezi kulifikia. Nadhani tunaitumia kidogo mno.

Kumbuka jambo moja kabla ndugu yako hajaingia chumba hicho: aliyetumwa na mahakama si daktari wake. Yale wanayozungumza yanakwenda kwa jaji. Ana haki ya kujua hivyo, na ana haki chini ya Ibara ya 50 ya Katiba ya kutojitia hatiani. Azungumze kwa uhuru kuhusu afya yake, usingizi wake, utoto wake na dawa zake. Kuhusu tukio lenyewe, azungumze kwanza na wakili. Akiwa tayari amesema kitu kinachofanana na kukiri, wakili ana msingi wa kupinga kisitumike kumtia hatiani: kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi hakitambui ukiri ila ule uliotolewa mahakamani mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta au zaidi ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, huku mtu aliyechaguliwa na mshukiwa akiwapo.

Ripoti ikitoka, ombeni nakala. Mshtakiwa ana haki ya kuuona mapema ushahidi utakaotumiwa na upande wa mashtaka, kuupinga, na kuleta wake. Wakili anaweza kuomba daktari aje aulizwe: ulimwona kwa muda gani, ulizungumza na familia, ulisoma rekodi za kliniki, mlizungumza kwa lugha gani? Hilo la mwisho si dogo. Mzee wa Kuresoi anayeongea Kipsigis pekee, akipimwa kwa Kiswahili cha haraka, anaweza kuandikwa kwamba “hajibu maswali ipasavyo.” Mahakama nayo haifungwi na maoni ya mtaalamu, inayapima pamoja na ushahidi mwingine wote.

Je, akionekana hawezi kujibu mashtaka? Kesi inaahirishwa, haifutwi. Wengi hawajui kwamba kifungu kile cha 162 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinampa hakimu au jaji uwezo wa kumwachilia kwa dhamana, ikiwa kuna uhakika wa kutosha kwamba atatunzwa, hatajidhuru wala kudhuru wengine, na ataletwa mahakamani akihitajika. Ombeni. Jamaa mwenye makao ya kudumu na aliye tayari kusimamia dawa ni hoja nzito, hasa kwa makosa madogo ya mahakama za hakimu. Dhamana ikikataliwa, anazuiliwa na kutibiwa, mara nyingi Mathari, Nairobi, mpaka daktari athibitishe kwamba amepata nafuu na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aamue kama kesi itaendelea.

Kuna na wale wasio wagonjwa lakini hawafuati kinachoendelea, kama kiziwi ambaye hakuwahi kufundishwa lugha ya ishara. Ibara ya 50(7) inaruhusu mahakama kumpa mshtakiwa au mlalamishi mtu wa kati wa kumsaidia kuwasiliana na korti. Ombi hilo lifanywe mwanzoni. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inamtaja mwanasaikolojia waziwazi miongoni mwa wanaoweza kumsemea shahidi aliye hatarini, pamoja na mzazi, jamaa, mshauri nasaha au afisa wa watoto. Mama ambaye binti yake ananyamaza kila akimwona mshtakiwa kizimbani anaweza kumwomba kiongozi wa mashtaka atumie njia hiyo. Na mtoto akiwa ndiye mshtakiwa, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kijinai, na aliye chini ya miaka 14 anachukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya mpaka mahakama iridhishwe vinginevyo kwa ushahidi. Hapo ripoti ya mwanasaikolojia inaweza kuamua kesi.

Nidokeze pia, kwa kuwa maswali huja: Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Aliyenusurika apelekwe hospitali, si seli.

Linalobaki ndilo chungu zaidi. Tuseme kesi imesikizwa, na mahakama imekubali kwamba alitenda lakini akili haikuwa yake. Haendi nyumbani. Kifungu cha 166 cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai, kama kilivyoandikwa, huleta uamuzi wa “ana hatia lakini ni mwendawazimu,” na mtu anazuiliwa kwa muda atakaoridhia Rais, huku ripoti ya hali yake ikitakiwa baada ya miaka 3, na kila miaka 2 baada ya hapo. Kwa vitendo, watu wamezeeka ndani wakingoja barua. Mahakama Kuu ya Meru mwaka 2016, na ya Kisumu mwaka 2018, zilisema kuzuiliwa bila mwisho unaojulikana, kwa uamuzi usio wa mahakama, hakuendani na Katiba. Kwa hiyo aliyezuiliwa, wakili wake au jamaa wanaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba hali yake iangaliwe upya. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulizie msaada wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016.

Ombi hilo lisiende na machozi peke yake. Liambatane na ripoti mpya ya daktari, na ya mwanasaikolojia kama ipo. Jaji atataka kujua atalala wapi, nani atamsimamia ameze dawa, kliniki iliyo karibu ni ipi na dawa hizo hupatikana huko au la, na kama jamaa za marehemu wanaishi boma la pili. Jibuni hayo kwa maandishi, chifu akiweza athibitishe, na yule atakayemchukua afike mahakamani mwenyewe siku ya kusikizwa.