Mafuta ya Breki: Mafunzo Niliyopata Njia ya Lushoto

Kwa miaka mingi nimeendesha gari kati ya Tanga na Lushoto. Huku chini kuna bahari na joto lenye unyevu. Kule juu kuna mji ulio zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo hadi Mombo, kupitia Soni, ni mteremko wa kilomita 30 hivi wenye kona kali. Njia hiyo imenifundisha kuyaheshimu mafuta ya breki.

1. Hesabu miaka, usingoje kilomita
Mafuta tuliyoyazoea, DOT 3 na DOT 4, hunyonya unyevu wa hewa. Unyevu huo hupenya kidogo kidogo kwenye mipira ya breki na kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta hayo, hata gari likiwa limeegeshwa, kama chumvi iliyoachwa wazi jikoni wakati wa masika. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kila baada ya miaka 2, wengine 3. Gari linalotoka Jumapili tu lina haja hiyo sawa na daladala. Gari lililotumika likishuka bandarini bila kumbukumbu za matengenezo, mimi hubadilisha kwanza, kisha ndipo naanza kuhesabu.

2. Mteremko ndio mtihani
Kwa viwango vya kimataifa, DOT 3 mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7 tu, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 hutoka 230 hadi 155. Ukishuka Soni huku umekanyaga breki mfululizo, joto la pedi na diski huingia kwenye kalipa, na maji yaliyomo hugeuka mvuke. Mafuta hayabanwi, lakini mvuke hubanwa: nguvu yote ya mguu inaishia humo, pedeli inazama, gari linaendelea kwenda. Zikipoa, breki hurudi, na dereva akadhani mambo yamekwisha. Kushuka kwa gia namba mbili ni lazima, lakini hakuyarudishii mafuta ujana.

3. Rangi haitoshi kuwa ushahidi
Mafuta yaliyogeuka meusi yabadilishwe, hilo halina mjadala. Tatizo ni yale yanayong'aa bado, maana maji hayana rangi. Kuna kipimo kidogo chenye taa kinachochovywa kwenye kikopo, na mafundi wengi wanacho. Kikionyesha maji, badilisha. Kikisema mazuri na muda umepita, badilisha vilevile.

4. Yakipungua, kagua pedi kwanza
Pedi zikilika, pistoni husogea nje na mafuta kwenye kikopo hushuka. Ukijazia tu, unaficha dalili hiyo, na siku ya kuweka pedi mpya yatafurika na kubabua rangi ya gari. Kama pedi bado ni nene, tafuta yanapovujia. Na kujazia kusihesabiwe kuwa ni kubadilisha: yale ya zamani bado yamo.

5. Soma kifuniko
Weka aina iliyoandikwa hapo. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na DOT 3, DOT 4 wala DOT 5.1. Oili ya injini usithubutu kuiweka kabisa, kwani huvimbisha mipira ya ndani. Nunua chupa ndogo iliyofungwa. Iliyokaa wazi dukani imeshaanza kunyonya maji.

6. Simama karibu na fundi
Mafuta ya zamani hutolewa gurudumu moja baada ya jingine mpaka yatoke mapya, safi, bila mapovu. Kikopo kisiachwe kikauke, la sivyo upepo unaingia na kazi inaanza upya. Gari dogo kwa kawaida halimalizi lita 1. Gharama hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na masta silinda au kifaa cha ABS kilicholiwa na kutu kwa sababu ya maji hayo hayo.

Kazi ikiisha, andika tarehe kwenye karatasi na uibandike ndani ya boneti. Kila anayeshika usukani wa gari hilo, na kila abiria aliyeketi nyuma yake, ana haki ya breki ambazo umri wake unajulikana.