Stempu za Kawaida

Stempu ya kwanza ya kubandika juu ya barua ilitolewa Uingereza mwaka 1840. Ilikuwa nyeusi, yenye picha ya Malkia Victoria. Wengi hudhani ya kuwa kitu cha kale lazima kiwe adimu. Sivyo, kwa maana stempu hiyo ilipigwa chapa zaidi ya milioni 68, na hata leo wakusanyaji huipata.

Tanganyika nayo ilikuwa na stempu zilizopita katika mikono ya watu wote. Mwaka 1922 zilitolewa zenye kichwa cha twiga. Mwaka 1935 zikatolewa za nchi tatu pamoja, Kenya, Uganda na Tanganyika, zenye picha za simba, korongo wenye kishungi, jahazi katika Ziwa Victoria, na Mlima Kilimanjaro. Nchi ilipopata uhuru, Desemba 1961, zikatoka nyingine. Mojawapo ilionyesha uchumaji wa kahawa, kazi wanayoijua sana watu wa Arusha na Meru.

Palikuwa na kijana mmoja katika mitelemko ya Mlima Meru aliyependa kukusanya stempu. Bibi yake alikuwa na barua moja tu ya marehemu mumewe, aliyesafiri kutafuta kazi asirudi tena. Barua yenyewe haikuandikwa tarehe wala mahali. Siku moja kijana aliiona bahasha yake, akaibandua ile stempu ya kahawa, na bahasha akaitupa motoni.

Jioni bibi akaitafuta bahasha, asiione. Akauliza, “Mjukuu wangu, bahasha ya babu yako i wapi?”

Kijana akajibu, “Bibi, nisamehe. Nimeichoma, lakini stempu ninayo.”

Bibi akasema, “Mimi sikujua kusoma. Nilikuwa nikingoja ukue, unisomee muhuri wa posta, nijue babu yako aliandika akiwa mji gani.”

Kijana akaichukua stempu upesi, akaitazama karibu na taa. Muhuri wa posta ni duara. Nusu yake huangukia stempu, na nusu huangukia bahasha. Juu ya stempu zilibaki herufi tatu za mwisho wa jina la mji, NGA, na tarakimu mbili za mwaka, 62. Je, ulikuwa mji wa Tanga? Au Iringa? Au Shinyanga? Yote mitatu huishia hivyo. Siku na mwezi navyo vilikuwa vimeteketea. Stempu za namna ile zilikuwa maelfu, lakini bahasha ile ilikuwa moja tu duniani.

Basi mkusanyaji mwenye busara hufanya hivi. Kwanza huutazama muhuri. Ukisomeka, huiacha stempu juu ya bahasha, na kuiweka bahasha nzima mahali pakavu, mbali na jua na mchwa. Barua ikiwa ya mtu mwingine, huomba ruhusa kwanza. Ikiwa bahasha haina faida tena, hukata karatasi kuizunguka stempu, huilowesha katika maji safi ya baridi mpaka gundi ilegee, kisha huilaza juu ya karatasi safi, uso chini, ikauke. Haibandui kwa kucha, maana huchanika. Baadaye huzipanga kwa nchi na kwa miaka, na kuandika chini ya kila moja ilikotoka.

Stempu ya bei ndogo iliyotunzwa hivyo yaweza kueleza safari ya mtu ambaye jina lake halimo katika kitabu chochote. Heri kuuliza kabla ya kubandua. Majuto ni mjukuu.

Maswali
1. Kwa nini stempu ya mwaka 1840 si adimu, ingawa ni ya kale?
2. Herufi NGA zilimletea kijana shida gani?
3. Eleza kwa taratibu jinsi ya kuitoa stempu katika karatasi.
4. Je, nyumbani kwenu iko barua ya kale? Uliza iliandikwa na nani, na kutoka wapi.