DAMU YA SAA MBILI ASUBUHI

Kuuliza si ujinga. Likizo iliyopita nilimsindikiza shangazi hospitalini. Kwa miezi mingi alikuwa mchovu, amekonda, akisimama anaona kizunguzungu, na mikunjo ya viganja vyake imekuwa myeusi. Majirani walisema ati ni mawazo tu!

Hapo ndipo nilipofunzwa haya. Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali. Tezi hizi hutoa homoni kadhaa. Adrenalini ni ya ghafla: ukifukuzwa na mbwa, moyo hudunda pu! pu! pu! Kotisoli haina papara. Husaidia kudumisha sukari na shinikizo la damu, nayo huongezeka mtu akiugua au akipasuliwa.

Shangazi alikuwa ameshapimwa katika zahanati moja, akaambiwa kotisoli iko chini. Daktari akamwuliza, "Mama, damu ilitolewa saa ngapi?"

"Jioni, daktari, nikitoka kazini."

Kumbe saa ni muhimu! Kotisoli hupanda alfajiri, huwa juu mnamo saa mbili asubuhi, kisha hushuka hadi usiku wa manane. Kiasi kidogo jioni chaweza kuwa cha kawaida. Akaambiwa arudi saa mbili asubuhi. Lo! Bado ilikuwa chini. Basi akadungwa sindano ya homoni inayoziamuru tezi zifanye kazi, na baada ya dakika 30 akatolewa damu tena. Tezi zenye afya huitikia amri. Zake zilinyamaza jii.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1855 na Thomas Addison, daktari wa London. Huweza kuletwa na kinga ya mwili kuzishambulia tezi, au na kifua kikuu, ambacho shangazi aliwahi kuugua. Sasa anameza vidonge vya haidrokotisoni kila siku, na nguvu zimemrudia.

Wenzangu, nina ombi. Anayetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu asiziache ghafla bila daktari, kwani tezi zilizozoea kulala huchelewa kuamka. Hata krimu kali za kujichubua huweza kuzilaza. Na mtu akilalamika kila siku kuwa amechoka, tusikimbilie kusema ni mawazo. Tumpeleke apimwe, tena tuulize ni saa ngapi.

ZOEZI: Kwa nini damu ya jioni haikutosha kumpa daktari jibu?