Jibu Liko Karibu na Wapi?

Katika mtihani wa mwisho wa darasa la sita, hapa Kabambare kama mahali pengine pote pa Kongo, adui wa mwanafunzi si hesabu peke yake. Saa nayo ni adui. Mtoto hodari aweza kukwama katika hesabu moja ya sayansi, akaifuta, akaianza tena, hata kengele ikalia na maswali sita yangali bila jibu. Mashine ya kuhesabu hana; ana kalamu na kichwa chake. Basi leo tujifunze kukadiria, maana yake kujua jibu liko karibu na wapi kabla ya kulitafuta.

Soma swali hili. Umeona umeme upande wa mto Luama. Umehesabu sekunde 12, ndipo ngurumo ikasikika. Sauti huenda mita 340 katika sekunde moja. Radi ilipiga mbali kadiri gani? Chagua: mita 28, mita 408, mita 4 080, mita 40 800.

Usikimbilie kuzidisha. Katika sekunde 3 sauti huenda kama kilomita moja. (Nuru huenda kilomita 300 000 kwa sekunde, kwa hiyo umeme tunauona mara moja.) Katika 12, tatu zimo ngapi? Nne. Basi ni kama kilomita 4. Tia alama penye 4 080, uendelee mbele. Aliyegawanya 340 kwa 12 atapata 28. Lakini na afikiri kidogo: radi ikipiga kwa mita 28, ngurumo itangoja sekunde 12?

Sasa tazama dhahabu, kama ile inayochimbwa Namoya. Sentimita moja ya ujazo wa dhahabu ina gramu 19,3. Kipande cha sentimita 4,7 za ujazo kina gramu ngapi? Wengi watasema: 20 mara 5, ni 100. Si vibaya, lakini wameongeza pande zote mbili, basi 100 imezidi. Katika kuzidisha, ukiongeza upande mmoja, punguza upande wa pili: 20 mara 4,5 ni 90. Jibu la kweli ni 90,71. Umeona tulivyolikaribia?

Zamani, kabla ya mashine ndogo za kuhesabu kuenea katika miaka ya 1970, wahandisi walitumia rula yenye ulimi unaoteleza katikati. Rula ile iliwaonyesha tarakimu tu, kwa mfano 9, 0, 7. Mkato uwekwe wapi? Ni 9,07 au 90,7 au 907? Rula haikusema. Mhandisi alipaswa kukadiria kichwani mwake, naye alikuwa akijenga daraja.

Katika kugawanya, kanuni hugeuka. Ukigawa karanga, karanga zikizidi, fungu la kila mtu huzidi. Watu wakizidi, fungu hupungua. Kwa hiyo ongeza pande zote mbili, au punguza zote mbili. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ina kilomita 355. Treni ikienda kilomita 28 kwa saa, itatumia saa ngapi? Fanya 360 kwa 30: saa 12. Lakini angalia: kuongeza 2 juu ya 28 ni kitu kikubwa, kuongeza 5 juu ya 355 ni kitu kidogo. Tumeongeza zaidi upande wa kugawanyia, basi jibu la kweli limepita 12 kidogo. Ndivyo lilivyo: ni kama 12,7.

Kuna mahali ambapo kukadiria hakutoshi. Kama katika swali la dhahabu majibu mawili ni 90,71 na 90,77, kadirio la 90 haliwezi kuyatenga. Hapo tazama tarakimu za mwisho tu: 3 mara 7 ni 21, basi jibu laishia na 1. Na kama hata hilo halisaidii, hesabu yote kwa uangalifu. Ndiyo kazi uliyoiwekea akiba ya dakika.

MAZOEZI. Usitumie karatasi katika la kwanza na la pili.

1. Zidisha 48,7 kwa 20,6, kisha gawanya kwa 9,8. Je, ni 10,2 au 102 au 1 020?

2. Jua liko mbali nasi kama kilomita 150 000 000. Nuru yake hutufikia baada ya sekunde 5, sekunde 50, au sekunde 500? Ni kama dakika ngapi?

3. Lita moja ya mafuta ya mawese ina kilo 0,9. Mfanyabiashara ana bidoni 38 za lita 20, na gari lake lachukua kilo 700 tu. Kadiria kwanza kwa bidoni 40. Je, gari litaweza? Kisha hesabu sawasawa, ukamwambie mwenzako kwa nini majibu mawili hayapatani.