Elimu ya Afya: Msokoto wa Tumbo Unaokuja na Kuondoka

Mtu mzima anayesokotwa na tumbo kwa majuma kadhaa, likiuma na kutulia, huambiwa ana chango au amezidisha uraka. Mara nyingi chanzo huwa jambo dogo. Hata hivyo, ipo hali adimu isiyoponywa kwa mitishamba: sehemu ya utumbo kujiingiza ndani ya sehemu inayofuata, mithili ya mkono wa kanzu unaojikunja ndani kanzu inapovuliwa.

Hali hii huwapata zaidi watoto wadogo. Kati ya wagonjwa 100, watu wazima ni takriban 5. Kwa mtoto, chanzo mara nyingi hakionekani. Kwa mtu mzima, mara nyingi kipo kitu ndani ya utumbo. Kimojawapo ni uvimbe wa mafuta. Uvimbe huu si saratani, nao huota chini ya utando wa ndani wa utumbo. Ukiwa mdogo hausumbui. Ukizidi sentimita 2, mawimbi yanayosukuma chakula huweza kuukokota kana kwamba ni tonge, nao ukavuta ukuta uliouotesha. Mishipa ya damu hubanwa, utumbo huvimba, na ukicheleweshwa huoza. Ndivyo uvimbe usio na ubaya wenyewe unavyoweza kuua.

Dalili za hatari ni hizi: maumivu makali, kutapika mfululizo, tumbo kujaa, kushindwa kupata choo au kutoa hewa, na damu katika choo.

Mtoto huweza kutibiwa kwa hewa au maji yanayopitishwa njia ya haja kubwa ili kuurudisha utumbo. Kwa mtu mzima, tiba ya kawaida ni upasuaji: kipande kilichoathirika hukatwa, ncha zikaunganishwa, na uvimbe ukapimwa maabara.

Kwa hiyo, mkazi wa Msimbati, Mahurunga au Kitaya, uonapo dalili hizo usinywe dawa ya kuharisha, usikandwe tumbo, wala usingoje kupambazuke. Acha kula, nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, nawe ueleze maumivu yalianza lini. Huko utaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula, iwapo itahitajika. Na kama msokoto hurudi mara kwa mara bila dalili hizo, nenda ukapimwe mapema, ungali una nguvu.