SOMO: KOPO LINASEMA NINI? Chunguza mbele ya kununua

Viazi na maharagi ya Masisi havina karatasi juu yake. Mama anaviangalia kwa macho, anavishika, anavinusa, kisha anapatana bei. Lakini maziwa ya kopo na chumvi ya sashe vimefungwa. Ndani hatuoni. Tunasadiki maneno ya muuzishaji na picha ya inje. Hapo mama anaweza kudanganyika, na mwenye kuumia ni mtoto.

1. Picha haitoshi
Sokoni utasikia: "Mama, chukua hii, iko maziwa ya mutoto." Pengine muuzishaji hana ubaya, naye aliona picha tu.

Katika inchi ya Laos, kule Asia, kulikuwa kopo lenye picha ya dubu anayempakata mtoto wake kama anayenyonyesha. Ndani hamukuwa maziwa ya watoto. Ilikuwa krimu ya kutia ndani ya kahawa. Waganga waliuliza watu zaidi ya 1000, wakatangaza majibu katika mwaka 2008. Karibu nusu walifikiri picha ile inaonyesha chakula cha mtoto muchanga. Wengi sana hawakusoma maandiko. Wengine walikwisha kuwapa watoto wao krimu ile. Krimu ya namna hiyo hushibisha tumbo, lakini haijengi mwili, na mtoto anakonda.

2. Soma mambo matatu
Jina. Tafuta neno LAIT (Kifaransa) ao MILK (Kiingereza, kwa vitu vinavyotoka Uganda na Kenya). Ukiona CREAMER, hiyo ni ya chai na kahawa, si ya mtoto.

Vitu vilivyochanganywa. Vimeandikwa chini ya neno INGREDIENTS. Kitu cha kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Kama cha kwanza ni SUCRE (sukari) ao HUILE (mafuta), ujue kwamba hayo si maziwa ya kweli.

Tarehe. Baada ya EXP utaona siku ya mwisho ya kutumia. Kama imefutwa, imekwanguliwa, ao karatasi ingine imebandikwa juu yake, rudisha. Kopo lililovimba ao lililotoboka, usilinunue hata kwa bei ya chini.

Hujui kusoma? Si haya. Mwombe mtoto anayesoma masomo akusomee, ao leta kopo siku ya kupima kilo, munganga atakuonyesha.

3. Chumvi ya kumwaga
Chumvi nzuri imeandikwa SEL IODE, maana yake imetiwa iode. Iode inakinga rovu, ule uvimbe wa shingo, na inasaidia akili ya mtoto tangu tumboni. Si jambo la mbali na sisi: katika miaka ya 1960 waganga walikuta rovu kwa watu wengi wa kisiwa cha Idjwi, humu ndani ya Ziwa Kivu.

Lakini muuzishaji akiisha kufungua gunia na kupima chumvi kwa kopo, maandiko yamebaki kwenye gunia. Umwambie: "Mama, nionyeshe gunia." Gunia halipo? Nunua sashe iliyofungwa. Nyumbani uiweke ndani ya chombo chenye kifuniko, mbali na maji na moto, kwa maana unyevu na joto vinaondoa iode. Uitie ndani ya mboga mwishoni, karibu kuiva.

4. Maziwa yasiyohitaji karatasi
Katika mwezi wa tano mwaka 1981, mkutano wa afya wa dunia nzima kule Genève ulipatana kwamba kopo la maziwa ya watoto wachanga lisiwe na picha ya mtoto, na liandikwe wazi kwamba maziwa ya mama yanapita yote. Ukiona mtoto munene anacheka juu ya kopo, kumbuka shauri hilo.

Mpaka miezi sita, mtoto anyonye ziwa la mama tu, bila maji wala uji. Maziwa hayo hayana tarehe ya kuisha, na hakuna anayeweza kuyachanganya. Kama kunyonyesha kunakushinda, usikimbilie sokoni: fika kwanza kwa munganga.

Maulizo ya kuzungumuza
1. Nyumbani kwako kuna kopo ao sashe gani? Jina lake ni nini, na tarehe yake?
2. Utajuaje kama chumvi ina iode?
3. Jirani anampa mtoto wa miezi mitatu krimu ya chai. Utamwambia nini kwa upole?